Kona ya Juu, Kulia

"Muue."

Mwalimu wa kwaya alisema hivyo huku akimrudishia Alto simu aliyosomea simulizi yake, kwa sauti ya mtu anayeomba dirisha lifungwe.

"Nimuue nani?"

"Huyo msichana wako wa kifua. Sehemu ya ishirini augue, ya ishirini na moja azikwe. Shujaa wako aoe kwa amani."

Alto alicheka. Mazoezi ya Jumatano yalikuwa yameisha, waimbaji wameondoka, chumba cha kwaya nyuma ya kanisa kimebaki na viti vya plastiki na kinanda kilichofunikwa kitambaa cheupe kama maiti.

"Mwalimu, wasomaji wangu watanipiga mawe. Wanampenda kuliko shujaa mwenyewe."

"Na huo ugonjwa ulimpa wa nini?"

"Sikumpa mimi. Ni wimbo wako."

"Wimbo wangu?"

"Ule wa *Nishikie pumzi, Bwana, wimbo bado mrefu*. Umejaza vialama vya kupumulia kila baada ya maneno matatu. Watunzi wengine wanatuburuta mstari mzima mpaka macho yanatoka. Wewe unatupumzisha kama wagonjwa. Nikajiuliza, ni mtu gani anapumua hivi? Nikamwona. Msichana anapanda ngazi, akifika ya sita anashika ukuta, anasubiri kifua kimruhusu."

Mwalimu alikuwa akifunga sanduku lake la bati, lile la nyimbo, ambalo hakuna mwanakwaya aliyewahi kuruhusiwa kuligusa. Kufuli ililia *ta*. Akaivuta mara mbili kuhakikisha.

"Muue, mpenzi," alisema tena, taratibu. "Nakuomba. Hadithi ya Kikristo haiwezi kuwa na wanawake wawili."

Akambusu kwenye paji la uso. Midomo ilikuwa baridi.

Jina lake halisi watu walishalisahau. Hata Mchungaji alimwita Alto, kwa sababu tangu ana miaka kumi na mmoja aliimba sauti ya pili na hakuwahi kuomba kuhamia ya kwanza. Alikuwa na duka la fotokopi karibu na kanisa: mashine moja kubwa, kompyuta moja, meza ya kuunganishia vitabu. Mchana wateja wakipungua, alichomeka visikilizio masikioni, akafungulia rekodi za mazoezi na kuandika. Bila muziki hakuweza kuandika hata barua ya kuomba ruhusa. Sauti ya kwanza ilimpa mabibi harusi. Besi ilimpa akina baba wenye siri. Alto, ile sauti inayokaa katikati kama dada mkubwa asiyeulizwa amekula au hajala, ilimpa wanawake aliowapenda.

Kila sehemu ya simulizi yake ilianza na mstari wa wimbo wa kwaya. Watu elfu tisa walimfuata mtandaoni wakisubiri kila Ijumaa.

Mwalimu alifika kanisani kwao mwaka na nusu uliopita, mgane, na barua ya utambulisho kutoka kanisa la mji mwingine. Siku ya kwanza aligawa wimbo. Kwa kawaida alto hupewa nota moja ya kushikilia, kama mtu aliyeambiwa ashike mlango wengine wapite. Wimbo huu ulikuwa tofauti. Alto walipewa njia yao wenyewe, inapanda, inashuka, inazunguka nyuma ya sauti ya kwanza na kutokea mbele yake. Alto aliimba ukurasa wa kwanza na kulia ukurasa wa pili. Mtu anayetunga hivi, aliwaza, anawaona watu wa pembeni. Yeye Alto alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, na hakuna mwanaume aliyewahi kumwona.

Ndivyo alivyopenda. Alianza na nota, mwenye nota akafuata.

* * *

"Cheti umekiona?"

Mama yake alikuwa muuguzi mstaafu. Salamu zake zote zilianza na swali la pili.

"Cheti gani, mama?"

"Cha kifo cha mkewe. Mgane bila cheti ni mume wa mtu."

"Mchungaji amesema kinakuja. Mwalimu amekiagiza."

"Kinakuja kwa miguu? Jumapili matangazo ya ndoa yanaanza. Alikufa na nini?"

"Kifua."

"Kifua si ugonjwa, mwanangu, ni mahali. Hospitali gani?"

"Mama, hapendi kuyazungumza. Inamuuma."

Mama aliendelea kukunja nguo. Akafika kwenye blauzi ya bintiye, akaikunja mara tatu, akaifungua, akaikunja upya.

"Nimefunga macho ya watu wengi," alisema. "Wafiwa wanapenda kusimulia. Ukiwaacha hawanyamazi. Anayenyamaza ana jambo lingine."

Jumapili ya kwanza, Mchungaji alisoma matangazo. Ndoa ya Mwalimu na Alto, wiki nne zijazo. Mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Watu wakapiga vigelegele, alto wenzake wakamfinya mgongoni, Mwalimu akatabasamu akitazama chini.

Alipotoka nje simu ilitetemeka. Namba ngeni.

*Nani amekwambia kuhusu kifua changu?*

Akadhani ni msomaji, maana namba yake aliiweka mwisho wa kila sehemu. Wapo wa kila aina, wapo hata wanaowatumia wahusika salamu za sikukuu. Akajibu: *Asante kwa kusoma, dada. Ni hadithi tu.*

Jibu lilichelewa, kama linapanda ngazi.

*Umekosea kitu kimoja. Huwa napumzika ngazi ya tano. Ya sita huwa sifiki.*

Alto alisimama juani, akausoma tena. Akataka kumwonyesha Mwalimu. Alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, anacheka na wazee wa kanisa, sanduku la bati chini ya kwapa. Hakumwonyesha. Hakujua kwa nini.

* * *

Jumanne Mwalimu aliingia dukani akitweta, ana haraka ya kumwahi fundi wa suti.

"Mpenzi, huu ndio wimbo wetu. Wa harusi. Nataka kwaya ianze kuujifunza. Nitolee nakala arobaini, nitapitia baada ya saa moja."

Akaacha bahasha, akaruka nje.

Siku zote alimletea nyimbo alizozinakili upya kwa mwandiko wake mkali wa kulalia mbele, juu kulia ameandika *Mtunzi: Mwalimu*. Alto aliifungua bahasha. Karatasi ilikuwa kuukuu, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imelainika kama kitambaa. Mwandiko ulikuwa wa duara, mdogo, umepinda kidogo kila mwisho wa mstari, kama wa mtu anayeandika akiwa amelala. Na kona ya juu kulia haikuwepo. Ilikuwa imekatwa.

Aliilaza kwenye kioo cha mashine, mfuniko akausahau wazi, akabonyeza. Nakala ilitoka na pembetatu nyeusi mahali pa ile kona. Nyeusi tii, kama dirisha la nyumba isiyo na watu.

Alikuwa bado anaitazama mlango ulipofunguliwa kwa kishindo.

"Nimekosea bahasha!" Mwalimu alikuwa na jasho mpaka kwenye kola. "Nipe. Ni... ni rasimu. Ya zamani."

"Hii kona vipi?"

"Panya."

"Panya?"

"Si unajua panya na karatasi."

Alto alikuwa na miaka saba kwenye kazi ya karatasi. Alijua meno ya panya, alijua machozi ya mvua, alijua pia mkasi. Panya hakati mstari ulionyooka.

"Na mwandiko?"

"Wa kwangu, nilipokuwa kijana. Mpenzi, mbona unanihoji kama polisi? Umeshatoa nakala?"

"Bado," alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Nakala alikuwa ameshaiangusha kwenye kikapu cha karatasi mbovu, karibu na mguu wake, mlango ulipofunguliwa.

Mwalimu aliitazama mashine, akamtazama yeye, akaitazama tena mashine. Vidole vyake vilikuwa vinagonga meza, bila mapigo, jambo ambalo Alto hakuwahi kulisikia kutoka kwa mwanamuziki.

"Yule msichana wa hadithi," alisema. "Umeshamuua?"

"Ijumaa."

"Usichelewe."

* * *

Ijumaa ilipita bila sehemu mpya. Wasomaji wakalalamika. *Dada tuma basi, roho zinatutoka.* Alto alikaa mbele ya kompyuta, wimbo masikioni, na kila alipoandika *akafumba macho*, vialama vya kupumulia vilimzuia. Kapumzi. Maneno matatu. Kapumzi. Mtu wa namna hii anapigana, aliwaza. Anayejipangia pumzi hivi hana mpango wa kufa.

Akapiga magoti nyuma ya mashine, kati ya katoni za karatasi. "Bwana, kama ni wivu wangu, uutoe. Kama si wivu, nionyeshe."

Watu waombe kwa tahadhari. Jumapili ya pili, matangazo yalisomwa tena. Mwenye kujua kizuizi aseme. Kimya. Vigelegele. Alipofika mlangoni simu ilitetemeka.

*Hongera, mdogo wangu. Nimesikia matangazo, kanisa lenu linayarusha mtandaoni. Mwambie Mwalimu marehemu anamsalimia.*

* * *

Alto aliipigia namba ile Jumatatu mchana, mlango wa duka umefungwa, kibao kimegeuzwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Alto alishindwa kubeba peke yake. Alikuwa amemwambia yote usiku uliopita, na kwa mara ya kwanza maishani mama hakusema *nilikwambia*.

"Haloo?"

"Haloo." Sauti ilikuwa ndogo, ya chini, laini. Sauti ya pili. "Nilijua utapiga. Subiri... nikae vizuri."

Pumzi. Kimya. Pumzi.

"Dada, wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wake. Tulifunga kanisani... miaka minane sasa. Cheti kiko chini ya mto. Talaka hakuna. Kaburi pia hakuna."

Alto alishika ukingo wa mashine.

"Alisema ulikufa."

"Nililazwa. Moyo. Miezi minne. Wiki tatu za kwanza alikuja kila siku. Wiki ya nne... alikuja kuchukua ufunguo wa sanduku. Nilipotoka hospitali nikakuta nyumba ina wapangaji wengine. Kaka yangu akanichukua."

"Sanduku la bati?"

"La bluu. Lina mkwaruzo upande wa kushoto. Nililiangusha siku nimeanza kuugua."

Mkwaruzo huo Alto alikuwa ameuona kila Jumatano na kila Jumamosi, mwaka na nusu.

"Kwa nini hukumtafuta?"

"Mdogo wangu, mtu mwenye kifua hiki hakimbizi mtu. Nikasema basi. Halafu mke wa kaka akanisomea simulizi yako, inaanza na *Nishikie pumzi, Bwana*. Nikamwambia rudia. Huo mstari niliuandika kitandani. Hakuna aliyeuona zaidi ya... ya yeye."

Mama aliinyoosha mikono. "Lete hiyo simu. Mwanangu, hujambo? Mimi mama yake. Maneno ni maneno. Washa video."

Uso ukatokea: mwembamba, macho makubwa, kitambaa kichwani, mito mitatu mgongoni.

"Nionyeshe kucha."

"Mama!" Alto alisema.

"Wewe nyamaza. Nionyeshe kucha, mwanangu. Zote. Sogeza vidole. Haya, toa ulimi." Mama aliitazama picha kwa muda mrefu, uso wa kazini umemrudia. Kisha akashusha simu. "Kucha za bluu, ncha za vidole zimevimba. Moyo, hajadanganya. Na yuko hai. Marehemu hawasogezi vidole, nimewaosha wengi, sijaona hata mmoja."

Yule mwanamke alicheka, kicheko kikakatika katikati, akasubiri pumzi, akakimalizia. Kukimalizia kicheko baada ya kupumzika, Alto hakuwahi kuona ujasiri kama ule.

"Dada," alisema akilia, "niimbie alto. Ubeti wa mwisho wa wimbo wa harusi. Kwenye karatasi yake ubeti huo una maneno tu, hauna nota."

"Sikuwahi kuziandika. Ziko kichwani."

Akaimba. Maneno matatu, pumzi. Maneno matatu, pumzi. Njia ilipanda, ikashuka, ikazunguka nyuma na kutokea mbele. Mama alivua miwani.

Wimbo uliisha. Mashine tu ilinguruma.

"Unataka nifanye nini?" Alto aliuliza. "Unataka arudi?"

"Nani? Yule?" Pumzi. "Mume nakuachia, kama unamtaka. Nyimbo nirudishie."

* * *

Mama alitaka waende kwa Mchungaji saa hiyohiyo.

"Mchungaji atamwita ofisini," Alto alisema. "Mlango utafungwa. Atalia, atasema ni shetani, atapewa barua nyingine ya utambulisho na kanisa lingine litapokea mgane mwenye nyimbo nzuri. Mama, nipe mpaka Jumapili."

"Kwani bado unampenda?"

Alto akageuza kibao cha mlango, duka likawa wazi tena.

Jumamosi baada ya mazoezi alibaki chumba cha kwaya. Alimpa nafasi moja. Mtu uliyempenda unampa hata moja.

"Mwalimu, ule ubeti wa mwisho. Niimbie alto yake."

"Bado sijaiweka."

"Iweke sasa. Kinanda hicho hapo."

"Alto?" Mwalimu alicheka, akakusanya karatasi. "Mpenzi, alto ni kujazia tu. Shikilieni nota moja, *so*, inatosha."

*Alto ni kujazia tu.* Kitu kilikatika ndani ya Alto, bila sauti, mstari ulionyooka kama wa mkasi. Mwaka na nusu alikuwa amempenda mtu aliyewaona wa pembeni. Mtu huyo yupo, ana kucha za bluu, na hakuwa huyu.

"Mkeo alikufa mwezi gani?" aliuliza.

Karatasi zilisimama hewani.

"Nani amekuwa akiongea na wewe?"

"Nimeuliza mwezi."

Mwalimu alimkaribia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Nisikilize vizuri. Kesho ni tangazo la mwisho. Una miaka thelathini na nne. Kanisa zima limeshachangia, mama yako ameshaalika ukoo. Ukichimba, ujue utakayemzika ni wewe. Watasema hadithi zake zimempanda kichwani. Nami nitawaambia hivyohivyo, tena kwa machozi."

Akaliinua sanduku. Mkwaruzo wa kushoto ukapita mbele ya macho ya Alto.

"Zile nakala mia mbili za wimbo niliokunakilia upya, kesho nizikute mezani. Na umalize ile hadithi yako. Leo."

"Nitaimaliza," Alto alisema.

* * *

Alifungua duka alfajiri ya Jumapili, akaitoa ile nakala aliyoificha kikapuni. Mashine ilikwama mara mbili, karatasi ikatafunwa, akaichomoa. "Leo usinifanyie hivi, mama," aliiambia. Nakala ya tatu ilitoka safi. Kisha ya nne. Kisha mia mbili.

Saa nne kanisa lilijaa. Wazee wa mlangoni waligawa karatasi kwa kila aliyeingia. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameomba waumini wote wauimbe wimbo wa harusi yao. Alto alikaa mahali pake, mstari wa pili, simu mapajani, laini iko wazi. Mama alikuwa kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, kama anayesubiri basi.

"Kabla ya matangazo," Mchungaji alisema, "Mwalimu ametuandalia zawadi."

Mwalimu alipanda jukwaani. Suti mpya. Akainua mikono.

Besi hawakumtazama. Walikuwa wanatazama karatasi, wote, juu, upande wa kulia. Mmoja alimgonga mwenzake kwa kiwiko. Minong'ono ilianzia nyuma ya kanisa ikaja mbele kama mvua juu ya mabati.

Mwalimu akashusha macho kwenye nakala yake.

Ulikuwa mwandiko wa duara, mdogo, uliopinda mwisho wa mistari. Kona ilikuwa imerudi. Ndani yake, kwa herufi za kompyuta, nyeusi: *Mtunzi*, kisha majina mawili ya mwanamke, na la tatu, la ukoo, likiwa la Mwalimu mwenyewe. Chini yake: *Ametunga akiwa mgonjwa. Bado anatunga.*

Mikono yake ilibaki hewani. Hakuweza kuishusha wala kuianzisha.

"Mwalimu," Mchungaji alisema, miwani puani, "huyu ni nani?"

"Ni... Mchungaji, ni marehemu mke wangu. Nilitaka kumuenzi. Ni mshangao tu wa mchumba wangu, ana... ana mawazo mengi, mnajua waandishi..."

"Mchungaji," Alto alisimama. "Jumapili mbili umeuliza kama kuna kizuizi. Kipo. Kiko kona ya juu, kulia."

Akaenda kwenye kipaza sauti cha alto, akaweka simu.

Pumzi ilijaza kanisa. Ndani. Nje. Ndani.

"Bwana asifiwe, Mchungaji," sauti ndogo ilisema. "Marehemu... anawasikiliza."

Mama mmoja alipiga kelele. Mtu akaangusha kitabu. Mchungaji alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, bahati kilikuwepo.

"Mwalimu," alisema alipopata sauti, "ni mkeo?"

Mwalimu alishusha mikono hatimaye. Uso wake ulikuwa umezeeka miaka kumi, na Alto, Mungu amsamehe, alimwonea huruma.

"Angekufa nazo," alisema kwa sauti ya chini, akimwambia Alto peke yake. "Zingeozea chini ya mto wa hospitali. Mimi nilizifanya zisikike."

"Zingesikika na jina lake."

"Wewe mwenyewe ulinipenda kwa ajili ya nyimbo hizo!"

"Ndiyo," Alto alisema. "Kwa hiyo naenda kwa mwenyewe. Sanduku liache."

Akaliacha. Mwalimu alipita katikati ya viti, na alipofika kiti cha mbele mama alisogeza mkoba wake ili asiuguse. Mlango ulifungwa nyuma yake.

Sasa kwaya haikuwa na wa kuiongoza. Watu walitazamana. Alto aliwageukia wanawake wa sauti ya pili, wale wa kushika mlango wengine wapite.

"Tunaanza sisi," alisema. "Nota za ubeti wa mwisho nimeziandika kwa chini. Pumueni anapopumua."

Wakaimba. Maneno matatu, pumzi. Simu kwenye kipaza sauti ilipumua nao, na katika ubeti wa mwisho sauti ndogo iliingia, ikaachwa nyuma, ikapumzika, ikawakuta mbele.

* * *

"Gauni?" mama aliuliza jioni, wakila.

"Alivae bibi harusi mwingine."

"Na ukoo niliowaalika?"

"Waje wale. Chakula hakijaoa mtu."

Mama alitafuna muda mrefu. "Mwezi mzima nilikuwa naulizia cheti," alisema. "Kumbe aliyekufa ni uchumba." Kisha akamwekea bintiye kipande kikubwa kuliko chake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kesho asubuhi tunapanda basi. Sanduku halitumwi kwa dereva. Na ile mito mitatu haitoshi, lazima alale ameinuka zaidi. Nimeshaweka mmoja kwenye mkoba."

Alto alifungua simu. Ujumbe mia nne. Akaandika sehemu ya mwisho kwa kikao kimoja, wimbo masikioni. Hakukuwa na harusi ndani yake. Kulikuwa na msichana, ngazi, na mtu aliyeshuka kutoka juu kumfuata, akakaa naye ngazi ya tano mpaka kifua kikaruhusu. Akaituma.

Wa kwanza kuuliza hakuchukua hata dakika.

*Dada, tuambie ukweli. Yule msichana alikufa?*

Alto akajibu neno moja.

*Anapumua.*